Makofi Kwenye Arobaini ya Ustadh

Mjomba Kiyumars ana kazi mbili, na zote huzifanya juu. Mchana yuko juu ya mapaa ya watu, anatengeneza mashine za kupoza hewa, zile za maji na majani makavu ambazo bila hizo hakuna mtu wa Esfahan angevuka kiangazi na akili zake. Alhamisi jioni yuko juu ya jukwaa katika bustani za kukodi nje ya mji, vifungo viwili vya shati viko wazi, anaimba kwenye harusi za watu. Mama yangu, ambaye ni dada yake mkubwa, husema mdogo wake hajawahi kutua chini, ndiyo maana hajaoa.

"Nioe nani, dada?" Mjomba humjibu. "Kila msichana mzuri wa mji huu mimi hukutana naye siku anayoolewa na mwingine."

Mtaani wanamwita Kiyu Bulbuli, yule ndege mwimbaji, kwa sababu ya chahchahe yake. Nyimbo zetu za kisasa zinaweza kuwa na kinanda cha umeme, ngoma za mashine, na maneno ya nyusi na macho tu mwanzo mpaka mwisho, lakini mwimbaji asipopiga chahchahe watu wanarudi kukaa na kuendelea kula. Chahchahe ni pale sauti inapopanda juu ya neno moja ikakataa kushuka, koo likaanza kuivunja na kuiunga, kuivunja na kuiunga, haraka haraka kama ndege. Mimi nilidhani ni kutetemesha sauti tu. Siku moja nikamwomba Mjomba niweke vidole kooni mwake wakati anafanya. Tulikuwa jikoni, Mama anakaanga bilinganya.

"Usinikabe lakini," akasema. "Nina harusi kesho."

Akafumba macho, akatoa moja, fupi. Chini ya vidole vyangu kitu kilikuwa kinarukaruka kama kifaranga anayegonga ganda atoke. Kila mruko, sauti inaingia chumba cha juu, inachungulia, inarudi chumba cha chini. Nywele za mikono zilinisimama.

"Unafanyaje, Mjomba?"

"Sifanyi. Naliacha koo lifanye."

"Mwongo huyo," Mama akasema bila kugeuka kutoka kwenye kikaango. "Alikaa kwa Ustadh Tavangar miaka na miaka, anarudi nyumbani analia kwa sababu ya 'aah' moja."

Kisha Mama akajishika mdomo, Mjomba akaanza kutafuta funguo zake, na bilinganya zikaendelea kulia zenyewe. Kwetu jina la Ustadh Tavangar halikuwa la kutajwa. Lakini mimi kitu kisichotajwa ndicho kinachonikosesha usingizi, kwa hiyo Mjomba alipoondoka nilimganda Mama mpaka akanieleza.

Ustadh Tavangar alikuwa mwalimu wa uimbaji wa kale, na nusu ya waimbaji wa heshima wa Esfahan walipita sebuleni kwake. Kwake chahchahe haikuwa pambo. Alisema ni mahali ambapo maneno yamemwishia mtu. Kila mwanafunzi alimpa beti moja ya kuishi nayo, aliyoitunga yeye mwenyewe. Beti ya Mjomba ilikuwa hii:

Umeondoka na taa bado inawaka;
niizime, au nikungojee?

Chahchahe yake ilikaa kwenye hilo "nikungojee", na Mjomba aliifanyia kazi hadi Ustadh mwenyewe akasema, mbele za watu, kwamba sasa taa inaonekana.

Halafu Mjomba akapata kazi ya harusi. Babu alikuwa amefariki, nyumbani kulihitaji kula, na Shahabu, rafiki yake mwenye kinanda, alikuwa anatafuta mwimbaji. Siku moja wakaitwa kwenye harusi ya tajiri mmoja wa biashara ya mazulia, na miongoni mwa wageni, bila Mjomba kujua, alikuwepo Ustadh na mkewe. Shahabu akafungulia ngoma ile ya kuchezesha mabega. Mjomba akaimba kuhusu nyusi za bibi harusi, na ilipofika mahali pa kupamba, akaichukua ile chahchahe ya taa, yote kama alivyofundishwa, akaikalisha juu ya ngoma. Watu walipagawa. Wanawake walipanda juu ya viti.

Ustadh alikuwa na sahani ya wali wa zereshki, zile tunda ndogo nyekundu chachu, mbele yake. Akaweka kijiko chini, akasimama, akatoka. Mjomba alimwona mgongo tu.

"Hakumfukuza?" nikauliza.

"Angemfukuza ingekuwa afadhali," Mama akasema. "Kesho yake Kiyu alienda mlangoni kwake. Ustadh akamfungulia mwenyewe, akamwambia: 'Karibu, bwana. Una shida na nani?' Kama mtu asiyemjua."

Tangu hapo wenzake wote waliosoma pamoja naye walipokutana, hakuna aliyemwita. Wakitaja wanafunzi wa Ustadh, wanamruka kama ngazi iliyovunjika.

Mwaka huu, majira ya machipuo, Ustadh akafariki. Mjomba hakwenda kaburini. Mama alimwona amesimama ng'ambo ya barabara nyuma ya gari la matikiti, amevaa suti nyeusi, anajifanya anachagua tikiti.

Ndiyo maana simu ya Bi Esmat, mjane wa Ustadh, ilipopigwa wiki kadhaa baadaye, nyumba nzima iliganda. Mjomba alikuwa kwetu anakunywa chai. Tukamsikia anasema, "Ndiyo, Bi Esmat. Ndiyo, mama. Nitakuja. Asante. Nitakuja." Akaweka simu juu ya meza kama yai.

"Arobaini ya Ustadh," akasema. "Wanafunzi wake wanakutana chini ya daraja la Khaju, kila mmoja aimbe beti yake. Bi Esmat kasema, 'Na wewe uje uimbe, Kiyumars.'"

Mama akamkodolea macho. "Na wewe umesema nini?"

"Nimesema nitakuja."

"Mara ya kwanza tu? Kasema njoo, ukasema nakuja?"

"Sasa nisemeje?"

"Wee Kiyu! Hiyo ilikuwa taarof, adabu ya mdomoni tu! Mwanamke wa watu kapitia namba zote za simu za marehemu, kafika kwako, adabu ikamlazimu aseme 'na wewe uje'. Wewe kazi yako ilikuwa kusema 'hapana, mimi ni nani'. Akuambie tena, ukatae tena. Akikuambia mara ya tatu ndiyo unajua anakutaka. Mtu akikwambia 'hili shati langu ni lako', unamvua?"

Mjomba akageuza glasi yake ya chai mkononi, mdomo kwanza, halafu kitako. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Labda hakuwa anafanya taarof," akasema.

"Mtu wa Esfahan?"

Lakini neno lilikwisha kutoka, na kulirudisha ingekuwa matusi. Na nadhani hata kama angeweza kulirudisha asingelirudisha. Nilimwona usoni. Alitaka jambo moja tu duniani, asimame mahali pale walipo wenzake, aimbe beti yake kama inavyopaswa, ili angalau kwenye msiba wake Ustadh awe na mwanafunzi anayeitwa Kiyumars.

Akaanza mazoezi. Aliyafanyia juu ya mapaa, katikati ya kazi, kichwa ndani ya mashine kwa sababu bati linarudisha sauti vizuri. Wateja walipiga simu kwa Mama kuuliza kama fundi amenaswa humo. Shida, aliniambia, haikuwa kupanda. Kupanda anapanda. Shida ni kwamba koo lake limezoea kuvunjika mahali ngoma inapogonga. Ustadh alimfundisha kuvunja pale pumzi inapouma, na mahali hapo hapabaki pale pale, kila siku pamehama. Ngoma haihami.

"Kwani ukiimba bila ngoma si inaondoka?"

"Ngoma iko humu," akasema, akajigonga kifuani. "Shahabu kaniwekea. Sijui kitufe cha kuzima kiko wapi."

Shahabu alipopata habari alicheka hadi akashika ukuta. "Kiyu jan, ndugu yangu, wewe ukaimbe na wale wazee wa shali? Watakuuliza bei ya kukodi spika."

"Cheka tu."

"Sicheki. Nakuonea huruma. Wewe una umati unaokupenda kila Alhamisi, unakwenda kuomba heshima kwa watu kumi wenye gesi tumboni."

Siku ilipofika ilikuwa Ijumaa asubuhi. Mto ulikuwa mkavu, na watoto walikuwa wanacheza mpira ndani yake. Chini ya matao ya daraja walitandaza mazulia, picha ya Ustadh ikawekwa juu ya kiti, na utepe mweusi kwenye kona yake. Bi Esmat alikaa karibu na picha, chadori imemfunika hadi kwenye nyusi, halua na tende mbele yake. Mimi na Mama tulikaa na wanawake. Na kama ilivyo Ijumaa zote, wapita njia walikuwa wanasimama kusikiliza, maana chini ya Khaju mtu yeyote akianza kuimba ni mali ya wote.

Aliyekuwa akisimamia mambo ni Bwana Mirdamadi, ambaye anafundisha uimbaji chuoni na anavaa shali hata mwezi wa joto. Alimpokea Mjomba kwa mikono miwili.

"Bwana Kiyumars! Umetutia aibu kwa kujisumbua. Tulisema, huyu bwana msimu huu wa harusi hana hata dakika, tusimharibie ratiba."

"Hakuna usumbufu, bwana. Ni Ustadh."

"Bila shaka. Basi tutakuweka mwisho, upumzike kwanza."

Mwisho maana yake ni baada ya watu kuchoka. Mjomba akainamisha kichwa, akakaa pembeni, viatu vyake vipya amevipanga sawasawa kwenye ukingo wa zulia.

Wakaimba. Mmoja mmoja, bila chombo chochote, mkono mmoja sikioni. Mimi sikuwahi kusikia kitu kama kile. Chahchahe zao hazikuwa za kumrusha mtu kitini. Zilikuja kwa kuchelewa, pale ulipokwisha kudhani sauti imekwenda zake, zikaanguka mahali usipopategemea, na kila moja ilikuwa kama mtu anayeanza kusema jambo akashindwa. Bwana Mirdamadi alipoimba, wanawake wawili nyuma yangu walilia wazi.

Halafu Mjomba.

Alisimama, akavuta koti, akaangalia picha. Alianza chini kabisa, "Umeondoka", kama anayezungumza na mtu wa chumba kile kile. Nikamwona Bi Esmat anainua kichwa. "Na taa bado inawaka." Ilikuwa nzuri! Naapa ilikuwa nzuri. Bwana Mirdamadi alikuwa amefumba macho na kidole chake kinapanda polepole pamoja na sauti. Mama akanifinya paja.

"Niizime," Mjomba akaimba, "au nikungojee," akapanda juu ya lile neno, akakaa juu yake, koo likaanza kuvunja.

Ya kwanza ilianguka mahali pake, na ya pili. Ya tatu nikaisikia, nikajua. Zilikuwa zimejipanga, tatu tatu, sawasawa kama vigae. Bega lake la kulia likaanza kwenda. Kule nyuma ya nguzo, kati ya wapita njia, kijana mmoja aliyekuwa anakula mbegu za tikiti akaanza kupiga makofi, taratibu, kwa ile ngoma ambayo haikuwepo lakini wote tuliisikia. Mwenzake akadakia. Mzee mmoja akainua mikono akapiga beshkan, vile vidole viwili vinavyolia kama kuni kavu, na shingo yake ikaanza kuteleza kushoto na kulia.

Na Mjomba, ambaye kila Alhamisi akisikia makofi hufanya kitu kile kile, akafanya kitu kile kile. Macho yake yalikuwa bado yamefungwa. Mkono ukamtoka sikioni, ukapaa hewani, akaita kwa sauti yake yote, na matao yote ya Khaju yakaitikia:

"Jaaan! Upande wa bwana harusi mbona siwasikii? Makofi!"

Makofi yalikuja. Wapita njia wote walipiga.

Mjomba akafumbua macho.

Sijui nielezeje uso wake. Umeona mtu anayeota yuko uchi sokoni? Yeye alikuwa ameamka na soko liko pale pale. Mkono wake ulibaki juu, kama umesahaulika. Mtu mmoja miongoni mwa wazee wa shali alitoa sauti ya kukohoa ambayo haikuwa kikohozi, halafu wawili, halafu mwanamke mmoja nyuma yangu akajifunika mdomo kwa chadori na mabega yake yakaanza kuruka. Vijana kule nguzoni walikuwa wanacheka wazi, simu zimeinuliwa. Mimi niliangalia magoti yangu. Nilitamani Mjomba asiwe mjomba wangu, kwa kama pumzi moja hivi, halafu nikajionea haya kwa kutamani hivyo, na joto likanipanda mara mbili.

Bi Esmat alivuta chadori ikamfunika uso wote.

Bwana Mirdamadi ndiye aliyesema, kwa sauti nzito, "Al-Fatiha." Wote wakainamisha vichwa wakaanza kunong'ona, na ile Fatiha ilikuwa kama shuka linalotupiwa mtu aliyevuliwa nguo. Ilipokwisha Mjomba hakuwepo. Tulimwona kule chini anakatiza mto mkavu, amebeba viatu mkononi, anapita katikati ya mpira wa watoto. Watoto walisimamisha mchezo kumpisha.

Nilidhani aibu ni kama maji ya moto, ukimwagikiwa yanaunguza kisha yanapoa. Kumbe haya yalikuwa yanachemshwa upya kila asubuhi. Video ilizunguka mji. Mtu aliweka ngoma ya kweli chini ya sauti ya Mjomba, ikawa wimbo, na wimbo ukawa unachezwa kwenye magari. Kwenye duka la mkate wa sangak, mchomaji alimwona Mjomba kwenye foleni, akapaza sauti:

"Fundi! Upande wa bwana harusi mikate mingapi leo?"

Foleni nzima ikaanguka kwa kicheko. Mjomba akacheka nao, akachukua mikate yake, akaja nayo kwetu, akakaa nayo mbele yake mpaka ikawa migumu. Akaacha kwenda dukani. Mteja mmoja alimpigia simu kuhusu mashine yake, na katikati ya mazungumzo akamuuliza, "Samahani, hivi wewe ndiye yule?" Mjomba akamjibu, "Hapana, ni jina tu linafanana." Alisema hivyo mbele yangu, akaona nimesikia, akaenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu.

Mama, ambaye ulimi wake haumwachi hata marehemu, hakumwambia hata mara moja "nilikwambia". Hapo ndipo nilipoogopa.

Na Mjomba akaacha kuimba. Shahabu alikuja, akakaa sebuleni kwetu magoti yamekutana.

"Kiyu, sikiliza. Watu wanakuulizia kuliko zamani. Kuna bwana harusi kasema haolewi— haoi, namaanisha— kama si yule wa msibani."

"Wanataka kunicheka."

"Wakicheka unapungua kilo?"

"Shahabu, nilimwita bwana harusi mbele ya picha ya Ustadh wangu."

"Ustadh aliyekufungia mlango."

"Ustadh wangu," Mjomba akasema.

Shahabu akapekua simu yake, akachezesha kitu. Ilikuwa sauti ya kijana inayopanda, kisha chahchahe, laini, safi, kila mvunjo sawa na mwenzake. "Unasikia? Huyu hajui hata kukohoa kwa mpangilio. Chahchahe ni ya kitufe cha kompyuta. Usipokuja, Alhamisi naimba mimi na kitufe."

Mjomba alisikiliza hadi mwisho. "Kitufe kina bahati," akasema. "Hakina mwalimu wa kumwaibisha."

Basi Shahabu akaenda na kitufe chake.

Mitihani yangu ilikuwa imekwisha na joto limekaa sawasawa mjini Bi Esmat alipompigia Mama. Mashine yake ya kupoza hewa ilikuwa inapuliza vumbi la moto. Mama, kwa kumhurumia mdogo wake, akamwambia kuna mafundi wengi wazuri Esfahan.

"Nawajua," Bi Esmat akasema. "Mimi nataka huyo."

Mjomba alitaka kukataa. Mama akamwambia kama kuna siku ya kukataa ilikuwa ile nyingine. Akavaa nguo za kazi, na sisi wawili tukaenda naye, kwa kisingizio cha kumjulia hali mjane.

Bi Esmat alitukalisha uani, kando ya kijibwawa, akatuletea chai. Nyumba ilikuwa ya chini, paa lake unaweza kuzungumza na mtu aliye juu bila kupaza sauti. Mjomba hakukaa. Alisimama na mfuko wake wa vyombo, anaangalia samaki wekundu majini.

"Bi Esmat," akasema, "nisamehe."

Nilijua jibu lake, na nyinyi mngekuwa kwetu mngelijua. Ilikuwa aseme, "Unasema nini, mwanangu, ulitupa heshima, mguu wako uko juu ya macho yetu." Tukangoja.

"Ulitutia aibu," Bi Esmat akasema.

Kijiko cha Mama kiliacha kukoroga.

"Ndiyo," Mjomba akasema.

"Siku arobaini namlilia mume wangu, wewe ukanifanya bibi harusi. Wajukuu zangu wanayo ile video kwenye simu. Nikipita wanaificha."

"Ndiyo, mama."

"Usiniitikie ndiyo ndiyo kama karani."

Mjomba akauliza kile ambacho mimi pia nilikuwa nakitaka, ingawa nilitamani asikiulize. "Siku ile uliponipigia simu. Ilikuwa taarof?"

"Taarof tupu. Nilijua utakataa. Mtu mwenye akili zake angekataa."

Mama akaangalia kando. Mjomba alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayeambiwa ugonjwa ambao alikwisha kuujua.

"Na yeye," akasema, "baada ya ile harusi. Aliwahi kunitaja?"

"Hapana."

"Hata mara—"

"Kiyumars. Nimesema hapana. Unataka nikudanganye ukapande juu ukiwa na furaha?"

Akapanda ngazi. Tukamsikia huko juu anang'oa majani ya zamani, anayapiga vumbi, anaweka mapya. Hakuimba. Maji yakaanza kupita kwenye majani na harufu ya nyasi mbichi ikashuka uani pamoja na hewa ya baridi. Bi Esmat alikunywa chai yake yote, kipande cha sukari kimebanwa na meno ya mbele. Halafu akainua uso.

"Hebu imba ile beti."

Sauti ya Mjomba ikashuka, "Hapana, Bi Esmat. Asante."

"Imba."

"Koo langu halifai tena."

"Imba, nakwambia."

"Niache tu, mama. Niliyoyafanya yanatosha."

Bi Esmat akaweka glasi chini. "Nimekwisha kula hasara ya taarof mara moja mwaka huu. Sikuombi kwa adabu. Ile beti mume wangu alihangaika nayo majira mazima ya baridi kabla ya kukupa, na mimi ndiye niliyekuwa nampikia. Umeichafua mbele yangu. Isafishe mbele yangu. Imba."

Alianza. Kutoka uani nilimwona kuanzia kiunoni kwenda juu tu, mikono miwili imeshika ukingo wa mashine. Alipofika kwenye "nikungojee" koo likaenda pale pale, tatu tatu.

"Hiyo ni ngoma," Bi Esmat akasema.

Akaanza upya. Safari hii aliizuia ngoma kwa nguvu, na sauti, haijui iende wapi, ikapasuka katikati kama ya mvulana anayebalehe. Mlio mbaya kabisa. Njiwa waliruka kutoka ukuta wa jirani, na nyuma ya ukuta huohuo sauti ya mwanamke ikaita kwa furaha:

"Fundi! Leo kwa Bi Esmat anaolewa nani? Tulete makofi?"

Wengine wakacheka huko ndani. Mjomba akachuchumaa nyuma ya mashine, sikuona tena chochote isipokuwa utosi wake. Mama alikwisha kusimama, ameshika mkoba wake, tayari kumshusha mdogo wake na kuondoka naye.

Bi Esmat aliinuka pia, kwa shida, mkono kwenye goti. Akaugeukia ukuta.

"Nyamaza wewe, Tuba!" akafoka. "Mtu yuko darasani!"

Huko nyuma ya ukuta kicheko kikakatika. Mama akakaa.

Kisha Mjomba akasimama. Uso wake ulikuwa umelowa, labda ni maji ya mashine. Hakumwangalia yeyote kati yetu. Akavuta pumzi, akaimba tangu mwanzo, na alipofika juu sauti ikapasuka tena, mbele kidogo ya pale ilipopasukia mwanzo.

Ilikuwa bado mbaya. Bi Esmat akamwonyesha kwa kidole arudi kwenye lile neno "taa".